Sura ya Nne: Mwalimu wa Kizingitini

Wajerumani wanne, kwa uchache, wamepata kushika hatamu za kandanda ya Kenya, na kila mmoja alikuja kwa njia yake na kuondoka kwa njia yake. Lakini yule ambaye wazee wa Makina na Kianda, vitongoji vya Kibera jijini Nairobi, humtaja kwanza, hata kama wameshasahau namna ya kulitamka jina lake la ukoo, ni Reinhard Fabisch, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1950 katika mji wa Schwerte, jirani na Dortmund, na ambaye Kenya ilimwita, ikamwacha, ikamwita tena, ikamwacha, kisha ikamwita mara ya tatu kana kwamba haikuwa imejifunza neno lolote katika zile mbili za kwanza.

Schwerte iko ukingoni mwa bonde la Ruhr, nchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma, ambako vilabu kama Schalke 04 na Borussia Dortmund vilikuzwa na mapenzi ya watu waliotoka migodini na kwenye matanuri wakiwa na masizi usoni, na ambako mpira ulikuwa starehe ya mtu asiye na starehe nyingine. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja tu: mtu aliyelelewa katika nchi kama ile hawezi kustaajabu sana aonapo, alfajiri, msafara wa watu wa Kibera wakiifuata reli kwa miguu kwenda Industrial Area, au vijana wa Kawangware wakivuka kuingia Lavington kutafuta kibarua cha mjengo, na jioni ya siku hiyohiyo awaone walewale, miguu ingali na vumbi la saruji, wakigawana fulana uwanjani. Fabisch alicheza mpira ujanani, ila hakuwa mchezaji wa jina kubwa, na hilo ndilo lililoamua hatima yake.

Katika Ujerumani ya zama zile, kama ilivyo hadi leo, ukocha ulikuwa kazi ya kusomewa. Mtu hakukabidhiwa timu kwa sababu tu ya umaarufu wa miguu yake, bali alitakiwa kwanza apate shahada, na ile ya juu kabisa ilitolewa Köln. Matokeo yake ni kwamba nchi ile ikawa na walimu wengi kuliko nafasi zilizokuwapo. Bundesliga ina timu 18 tu, na viti vya timu hizo aghalabu huwaendea wale ambao majina yao yamekwisha kuimbwa. Mwenye shahada asiye na jina alibaki na ikhtiari mbili: ama afundishe vilabu vya madaraja ya chini hadi mvi zimwote, ama apande ndege. Nayo serikali ya Ujerumani Magharibi, ambayo tangu miaka ya 1960 ilikuwa ikituma walimu wa michezo katika nchi zilizojipatia uhuru karibuni pamoja na wahandisi wa maji na mabwana shamba, iliifanya safari hiyo iwe nyepesi. Ndivyo alivyofika Uganda Burkhard Pape, na ndivyo Otto Pfister alivyoanza Rwanda safari ndefu ya Afrika ambayo miaka mingi baadaye ilimfikisha na Togo katika Kombe la Dunia la 2006.

Kwetu Kenya wa kwanza kutajwa ni Eckhard Krautzun, mzaliwa wa Solingen, aliyekuwa na timu ya taifa mwaka 1971, katika zama zilezile ambazo Kenya ilijipatia kwa mara ya kwanza nafasi ya kwenda fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizochezwa Cameroon mwaka 1972. Krautzun alizunguka dunia sana baada ya hapo, na Wajerumani wenyewe humkumbuka zaidi kwa kufukuzwa kwake kuliko kwa kazi yake, kwani alipoondolewa Mainz mwezi wa Februari 2001 klabu haikuwa na mtu wa kuweka mahali pake, ikamshika beki wake mmoja aliyekuwa bado akicheza na kumwambia aongoze kwa muda. Beki huyo aliitwa Jürgen Klopp. Vijana wanaojazana Jumamosi katika vibanda vya video vya Gatwekera kule Kibera na Gatina kule Kawangware kuitazama Liverpool wanalijua jina la Klopp kama wanavyolijua la jirani yao, wala hawana habari kwamba mtu aliyempisha alikuwa amekwisha kuwafundisha baba zao.

Wa pili, Bernhard Zgoll, alifanya kazi ya namna nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianzisha vituo vya vijana vilivyoitwa vya Olimpiki, ambamo watoto walikusanywa wakiwa bado wadogo, wakafundishwa namna ya kuutuliza mpira, kuupokea kwa mguu wa pili, na kuinua kichwa kabla ya kupiga pasi. Ni mambo madogo kuyasikia, ila anayejua viwanja vyetu anajua kwamba mtoto asiyeelekezwa mapema huyapata kwa taabu ukubwani, kwa kuwa uwanja wenyewe humfundisha kinyume chake. Mwenye shaka na aende Jumapili moja Kibera, kwenye kiwanja chochote kati ya vile vilivyosalia baina ya mabati na reli, atazame.

Ardhi ni nyekundu na imeinamia upande mmoja, kwa hiyo timu inayocheza kuelekea chini kipindi cha kwanza hujitahidi kumaliza kazi yote kabla ya mapumziko. Mistari imechorwa kwa majivu au kwa unga wa mbao uliochukuliwa kwa seremala, na hufutika kabla ya nusu saa, hivyo kwamba kila mpira wa kurusha ni kesi inayoamuliwa na mashahidi. Njia ya watu hukata kona moja ya kiwanja. Mama mwenye mtungi wa maji hupita bila kuharakisha, na mchezaji mwenye adabu humngoja. Kwa kuwa mpira hudunda ovyo juu ya kokoto, kijana hujifunza kuucheza ungali hewani, au kuukanyaga kwa wayo na kuusukuma mbele kidogo kidogo, na huwa hodari wa ajabu katika nafasi finyu kwa sababu hajapata kuijua nafasi pana. Wadogo, pembeni, wana mpira wao wa juala, mifuko ya nailoni iliyoshindiliwa na kufungwa kwa kamba hadi ikawa mduara. Na niseme hapa kwamba sheria ya tarehe 28 Agosti 2017 iliyopiga marufuku mifuko ile, ingawa iliisafisha mitaro yetu, iliwakosesha watoto malighafi yao, wakarudia matambara na magunia. Ukiwachukua vijana wa namna hii wakiwa na umri wa miaka 20 na kuwapeleka kwenye nyasi za uwanja wa Kasarani, unaona mara moja walichonacho na walichokosa: wana ujanja, wana moyo, wana pumzi, ila hawajui mwenzao atakuwa wapi baada ya pasi ya tatu.

Hao ndio Fabisch aliowakuta, au tuseme ndugu zao wakubwa, alipofika mwaka 1987. Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya nne ya Afrika Nzima, uwanja mpya wa Kasarani uliojengwa kwa msaada wa Wachina ulikuwa unanuka rangi bado, na serikali ilitaka kila kitu king'are mbele ya wageni, kandanda kwanza. Kilikuwa kizazi cha akina Ambrose Ayoyi, Peter Dawo na Mickey Weche; Gor Mahia ilikuwa njiani kulitwaa kombe la washindi wa Afrika mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na AFC Leopards ilikuwa imekwisha kulihodhi kombe la vilabu la Afrika Mashariki na Kati. Baadhi ya vijana hao walikuwa wamepitia mikononi mwa Zgoll. Fabisch kwa hiyo hakuanzia mwituni. Alikuta kuni zimekatwa, naye akawasha moto, na kuwasha moto nako ni kazi inayomtaka mtu mwenye ujuzi.

Wasioweza kufika Kasarani, nao walikuwa wengi, kwa maana kutoka Kibera hadi Kasarani ni kuvuka mji mzima, walimsikiliza Leonard Mambo Mbotela katika Sauti ya Kenya, redio ikiwa imewekwa juu ya meza ya kinyozi au dirishani mwa duka, na umati ukiwa umesimama nje kimya kama wasikilizaji wa hukumu. Timu ikafika fainali. Huko ikakutana na Misri, bingwa wa Afrika wa mwaka uliotangulia, na Misri ikashinda 1–0. Mzee mmoja wa Kinubi, ambaye nimepata kumsikia akiyasimulia haya zaidi ya mara moja barazani kwake Makina, husema kwamba siku ile hapakuwa na ghasia wala matusi, watu walizima redio wakaenda zao kulala mapema. Mwaka uliofuata Kenya ilikuwa Morocco, katika fainali za Afrika, kwa mara ya kwanza tangu zile za 1972.

Hapo ndipo ilipoanza ile sifa, au ule mkosi, uliomfuata Fabisch maisha yake yote: alikuwa mtu wa kufika kizingitini. Timu iliyokuwa haitajwi aliichukua, akaipanga, akaitia ghera, akaifikisha mlangoni pa karamu, na mlango ukafungwa mbele ya uso wake. Wako watakaosema kwamba kocha hupimwa kwa kuingia ndani, wala si kwa kufika mlangoni, na katika nchi zenye ligi tajiri na mashirikisho yenye akili timamu nitawakubalia. Katika nchi ambayo mchezaji wa timu ya taifa hajui kama posho yake itatoka kabla ya mechi, baada ya mechi au siku ya kiama, kufika mlangoni ni jambo la kuandikwa.

Kutoka kwetu alikwenda Zimbabwe, na huko ndiko jina lake lilikokuwa kubwa kuliko popote. Alimkuta Peter Ndlovu, kijana aliyekuwa akiwahangaisha mabeki wa Uingereza, na mlinda lango Bruce Grobbelaar wa Liverpool, mtu wa vituko na ushujaa kwa kiasi kilekile, akaunda timu ambayo Wazimbabwe hadi leo huiita timu ya ndoto. Katika mchujo wa Kombe la Dunia la 1994 timu hiyo ilikwenda Cairo mwezi wa Februari 1993 ikihitaji sare tu. Wamisri walishinda 2–1, lakini mawe na vitu vingine viliruka kutoka majukwaani. Grobbelaar akapigwa, na Fabisch mwenyewe akapigwa kichwani. FIFA ikaifuta mechi ile na kuamuru irudiwe kwenye ardhi isiyo ya yeyote kati yao, Lyon, Ufaransa, ambako mwezi wa Aprili timu zilitoka 0–0, na kwa sare hiyo Zimbabwe ikavuka na Misri ikabaki. Nimetaja hapo juu kwamba ni Misri hiyohiyo iliyomnyima medali ya dhahabu Nairobi mwaka 1987. Sidai kwamba alikuwa na kisasi moyoni, lakini kama alikuwa nacho, kililipwa Lyon bila goli hata moja.

Kisha zikabaki timu tatu katika kundi la mwisho, Cameroon, Guinea na Zimbabwe, na mshindi mmoja tu wa kwenda Marekani. Zimbabwe iliwafunga wote wawili Harare, 1–0 kila mmoja, ikapigwa 3–0 Conakry, na hatimaye ikafika Yaoundé tarehe 10 Oktoba 1993 ikihitaji ushindi. Ilifungwa 3–1. Kizingiti cha pili.

Kenya ilimwita tena mwaka 1997, ikiwa katikati ya mchujo wa Kombe la Dunia la Ufaransa, katika kundi moja na Nigeria, Guinea na Burkina Faso. Vijana wa leo hawana budi kukumbushwa Nigeria ile ilikuwa nini: mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imewapiga Brazil na Argentina na kuchukua dhahabu ya Olimpiki Atlanta. Mwezi wa Januari ilikuja Nairobi, ikaondoka na sare ya 1–1. Kenya ya akina Musa Otieno na Mike Okoth ikaifunga Burkina Faso 4–3, ikaifunga Guinea 1–0, na kwa majuma machache ya mwaka ule, kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, ilikuwa inawezekana, kwa hesabu safi pasi na ndoto, kwamba Kenya ingecheza Kombe la Dunia. Naisisitiza habari hii kwa kuwa haijapata kutokea tena. Tarehe 7 Juni Nigeria ilitufunga 3–0 kwao, na hesabu ikafungwa. Kundi lilipokwisha, Nigeria ilikuwa na pointi 13, Guinea 12, na Kenya 10.

Mara ya tatu, 2001 hadi 2002, sina mengi ya kuieleza. Shirikisho lilikuwa na migogoro mingi kuliko mipira, na miaka miwili baadaye FIFA ikaifungia nchi nzima kwa sababu ya vurugu hizo. Kocha yeyote ambaye angepewa kazi katika hali ile angekuwa nahodha wa chombo ambacho mabaharia wake wanagombania usukani. Mwaka huohuo wa 2002 Joe Kadenge, mchezaji ambaye Wakenya wa rika fulani hawamlinganishi na yeyote, alipata naye kushika timu ya taifa. Kadenge alifariki Julai 2019, na uwanja mmoja wa Nairobi umepewa jina lake.

Lakini tendo la Fabisch ambalo mimi, kama ningekuwa na mamlaka, ningeliweka katika vitabu vya shule, halikufanyika Nairobi wala Harare. Mwanzoni mwa 2008 alikuwa na timu ya Benin katika fainali za Afrika nchini Ghana, timu dhaifu katika kundi lenye Mali, Nigeria na Côte d'Ivoire, ambayo kila mtu aliitazamia ishindwe. Kabla ya mechi na Mali alijiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa ametoka Singapore, akaahidiwa fedha ili timu yake ifungwe kwa makusudi. Tazama jinsi jaribu lile lilivyokuwa limetengenezwa kwa werevu: alikuwa akiombwa kufanya jambo ambalo lingetokea hata kama asingelifanya, kwa timu ambayo hakuna ambaye angeishuku, akiwa mtu wa miaka 57 ambaye hakupata kuwa tajiri kwa kazi yake. Akakataa, na hakuishia kukataa; alitoa taarifa na kuyasema hadharani, wakati ambapo wengi katika mpira walikuwa bado wakijifanya hawajui kwamba kuna masoko ya kamari Asia yanayonunua mechi za Afrika. Benin ilifungwa 1–0 na Mali, kwa haki, kisha ikafungwa na wale wengine wawili. Fabisch alikuwa mgonjwa wa saratani. Alifariki tarehe 12 Julai mwaka huohuo.

Mwaka uliofuata Kenya ilileta Mjerumani mwingine, na kwa kuwa wengi huwachanganya wawili hawa katika masimulizi yao, sina budi kumweleza. Antoine Hey, mzaliwa wa Berlin wa mwaka 1970, alikuwa mchezaji wa daraja lililozidi la Fabisch: alicheza Fortuna Düsseldorf, alicheza Schalke 04, akavuka hadi Birmingham City ya Uingereza. Alipoacha kucheza alifanya kama watangulizi wake, akaja Afrika, akafundisha Lesotho, Gambia na Liberia. Alipoteuliwa kuinoa Kenya mwanzoni mwa 2009 aliirithi timu iliyokuwa juu, kwani mwezi wa Desemba 2008, chini ya Francis Kimanzi, mtoto wa hapahapa Nairobi, Kenya ilikuwa imefika nafasi ya 68 katika orodha ya FIFA, nafasi ambayo haikuwa imewahi kuifikia. Kwa nini mtu aliyepandisha timu hadi hapo aondolewe na kuletwa mgeni ni swali ambalo watu wa mpira waliliuliza wakati ule kwa sauti kubwa, na kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kuliuliza. Hey hakuwa na hatia katika hilo, ila alilipia.

Safari hii Kawangware ilikuwa na mtu wake mbele kabisa. Dennis Oliech alisoma Dagoretti High School na kuchezea Dagoretti Santos, klabu ya vumbi la mtaa, kabla ya kwenda Mathare United na kisha Qatar na Ufaransa. Tarehe 2 Februari 2004, siku aliyotimiza miaka 19, alifunga goli moja kati ya yale matatu yaliyoiangusha Burkina Faso nchini Tunisia, nao ukawa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za Afrika tangu tuanze kuzicheza. Aliyemtazama Oliech akikimbia na mpira alikiona kile kiwanja nilichokieleza hapo juu: bega limeinamishwa, mpira uko karibu mno na mguu, mwili uko tayari kuruka kokoto ambazo uwanjani kwa Auxerre, klabu yake ya Ufaransa, hazikuwapo. Nyuma yake alikuwapo McDonald Mariga, aliyekuwa akicheza Parma wakati ule na ambaye mwanzoni mwa 2010 angehamia Inter Milan.

Kundi lilikuwa la Tunisia, Nigeria na Msumbiji, na ndani yake zilikuwamo tiketi za Kombe la Dunia na za Kombe la Afrika kwa pamoja. Kenya ilifungwa 2–1 na Tunisia Nairobi mwezi wa Machi, ikapigwa 3–0 Abuja, ikaifunga Msumbiji 2–1 hapa nyumbani, Mariga akiwa mmoja wa wafungaji, kisha ikafungwa 1–0 Maputo na 1–0 Tunisia. Mashirikisho mawili yalikuwa yakigombania uhalali, magazeti yalikuwa yakimshambulia kocha kila Jumatatu, na kabla ya mechi ya mwisho, iliyokuwa dhidi ya Nigeria Kasarani tarehe 14 Novemba 2009, Hey hakuwapo tena kwenye benchi. Twahir Muhiddin wa Mombasa ndiye aliyeiongoza timu.

Mechi hiyo inastahili kukumbukwa. Kenya haikuwa tena na tumaini la Kombe la Dunia, Nigeria ilikuwa na kila kitu cha kupoteza, na Oliech akafunga mapema, kipindi cha kwanza kikaisha 1–0 huku Wanigeria wakitazamana. Obafemi Martins akasawazisha, Nsofor akaongeza, Allan Wetende akaufanya mchezo kuwa 2–2, na zilipobaki dakika chache Martins akafunga la tatu. Kwa kuwa saa hiyohiyo Tunisia ilikuwa ikifungwa 1–0 Maputo, Nigeria ikaenda Afrika Kusini. Katika vibanda vya Kawangware, ambako majirani wa Kinigeria hawakosekani, watu walitoka wakibishana kama Muhiddin angepewa timu mwezi mmoja kabla ingekuwaje. Hey aliendelea na safari zake. Mwaka 2017 alikuwa Rwanda, akaipeleka timu yake kwenye fainali za wachezaji wa ndani nchini Morocco, kisha akaenda Myanmar.

Naye Mariga alirudi mtaani kwa njia ambayo hakuna kocha aliyempangia. Mwezi wa Novemba 2019 aligombea kiti cha ubunge cha Kibra katika uchaguzi mdogo, kwa tiketi ya Jubilee, akapita vichochoro vya Laini Saba na Lindi akisalimiana na watu waliokuwa wamemshangilia dhidi ya Msumbiji miaka kumi iliyotangulia. Walimshangilia tena, wakapiga picha naye, na siku ya kura wakampa Imran Okoth wa ODM zaidi ya mara mbili ya kura zake.

Ukiketi leo na wale wazee wa Makina na kuwauliza ni yupi kati ya Wajerumani wale aliyetufaa zaidi, hawakawii kumtaja Fabisch. Mimi humtaja Zgoll, kwa kuwa ndiye pekee aliyeanza na watoto, na kwa kuwa vituo vyake vilipoachwa vikafa, hakuna aliyevifufua kwa kiwango kile. Anayewafundisha watoto wa Kawangware leo ni kijana wa palepale, asiyelipwa na mtu, anayenunua filimbi kwa fedha yake na kuomba koni kwa fundi wa barabara. Wazee hunikatalia. Zgoll, husema, hakutufikisha fainali ya kitu chochote. Nami huwajibu kwamba Fabisch asingekuwa na wa kufika nao fainali kama si wale vijana wa vituo, nao hunijibu kwamba vijana wa vituo walikuwapo tangu zamani na fainali haikuja mpaka alipokuja yeye, na kahawa ya pili huagizwa.